Adabu ya Mgeni Baharini

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wana methali mbili juu ya mgeni, na kila moja huikamilisha mwenzake. Ya kwanza husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya kwanza humfungulia mgeni mlango. Ya pili humkumbusha kuwa mlango uliofunguliwa kwa hisani una masharti yake. Katika methali hizi umo mzani mzima wa ukarimu. Mgeni ana haki ya kupokewa, na mwenyeji ana haki ya kutofilisika kwa sababu ya kupokea. Ujio unaomwacha mwenyeji katika hali mbaya kuliko aliyokuwa nayo ni msiba uliobisha hodi, hata ukija kwa tabasamu na fedha mkononi.

Mzani huo ulipofanywa zamani, mwenyeji alikuwa mtu. Aliweza kusema, kulalamika, na siku ya tatu aliweza kuleta jembe. Leo mwambao hupokea, kwa mamia ya maelfu kila mwaka, mgeni wa namna nyingine aitwaye mtalii. Hutoka nchi za mbali, au hutoka mtaa wa pili wa mji ule ule, kuja kutazama bahari na vilivyomo: matumbawe, samaki wa rangi, kasa, pomboo na papa potwe. Mwenyeji wake katika safari hii ni mwamba ulio chini ya maji, na mwamba hauna ulimi. Swali linalozuka ni hili: mgeni wa mwenyeji asiyeweza kusema anadaiwa nini, na ni nani mwenye haki ya kumdai?

Kabla ya kulijibu swali yafaa mwenyeji mwenyewe ajulikane. Tumbawe hudhaniwa na wengi kuwa jiwe, na dhana hii si ajabu, maana Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba za kale za Lamu na magofu ya Kilwa Kisiwani vimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe yale yale. Walakini jiwe hilo ni nyumba tu. Mwenye nyumba ni mnyama mdogo, aghalabu asiyezidi punje ya mahindi, mwenye mwili laini na vikono vinavyouzunguka mdomo wake. Huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujijengea kikombe kigumu cha kukaa. Ndani ya nyama yake huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa jicho tupu, ambayo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia sehemu kubwa. Na rangi nyingi zinazomfurahisha mtazamaji hutokana na mimea hiyo. Hapa pana ukarimu uliotangulia ukarimu wote wa binadamu. Mmoja hutoa makao, mwingine hutoa chakula, na ushirika wao umejenga miamba mikubwa kuliko jengo lo lote lililojengwa kwa mikono.

Kazi ya ujenzi huo ni ya polepole. Matumbawe ya mviringo, yale makubwa yafananayo na majabali, hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Yale yenye matawi hukua haraka zaidi, lakini huvunjika upesi. Jabali la tumbawe lenye kimo cha mita 1 yamkini lilianza kujengwa karne moja iliyopita, na teke moja la mguu uliovaa kiatu cha kuogelea huweza kuvunja katika nukta moja kazi ya miaka mingi. Juu ya ujenzi huu umesimama mji mkubwa. Miamba ya matumbawe hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote, ilhali kiasi cha robo ya aina za viumbe wa baharini wanaojulikana hupata humo makao au malisho. Kila mkazi ana kazi yake. Pono hukwangua majani ya bahari yasije yakayasonga matumbawe. Kikande hula wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu, ambao mvuvi aliyewahi kuwakanyaga hawasahau; na katika pwani ya Kenya wataalamu wameona kuwa kikande akivuliwa hadi kuadimika, wenye miiba huzidi na kuutafuna mwamba. Mwamba nao huyavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukoni, ukazilinda nyumba za watu ambao pengine hawajapata kuuona.

Basi mgeni humdhuru mwenyeji huyu kwa njia gani? Mara chache huwa kwa nia mbaya. Nahodha hutupa nanga juu ya mwamba kwa kuwa hakuna boya la kufungia mashua. Muogeleaji aliyechoka husimama juu ya tumbawe apumzike. Mwingine hunyanyua kiti cha pweza juu ya maji ili apigwe picha, akisahau kuwa kiumbe huyo hupata pumzi yake majini. Mwingine hununua ganda zuri la kombe bila kujiuliza kama mwenye ganda alikufa mauti yake au aliuawa ili ganda liuzwe. Mashua kadhaa huwazunguka pomboo mahali pa kupumzika na kulelea watoto wao, kila moja ikitaka abiria wake wawe wa kwanza kuruka majini. Hoteli iliyojengwa ufukoni huachia maji machafu yapenye mchangani hadi baharini, na mafuta ya kujikinga na jua yaliyo juu ya ngozi za waogaji huacha majini dawa ambazo baadhi yake zimethibitika kuwadhuru watoto wa matumbawe. Kwa sababu hiyo Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilipiga marufuku baadhi ya mafuta hayo tangu 2020.

Mtu akishtakiwa kwa moja la makosa haya hujibu kwa urahisi: sikukusudia, na tena, mguu mmoja utafanya nini katika bahari kubwa kama hii? Jibu hili lastahili kupimwa, kwa sababu ni jibu la watu wema. Kutokusudia hupunguza lawama, hapana shaka. Lakini hakupunguzi madhara, na mtu aliyekwisha kuambiwa hawezi tena kujificha nyuma ya kutojua. Ama hoja ya mguu mmoja, methali iliijibu zamani: Bandubandu huisha gogo. Hakuna hata mmoja wa wenye shoka aliyelimaliza gogo. Kila mmoja alichukua kibandu chake akaenda zake na dhamiri safi, na gogo halipo. Mahali ambapo watu ni wengi, haki haipimwi kwa tendo la mmoja likiwa peke yake. Hupimwa kwa kuuliza mwamba utakuwaje ikiwa kila ajaye atafanya kama afanyavyo huyu.

Mfano wa jambo hili ulionekana Thailand, katika ghuba iitwayo Maya Bay, iliyopata sifa duniani baada ya filamu moja kupigwa huko na kuonyeshwa mwaka 2000. Watu waliokuja kuipenda walifikia 5,000 kwa siku, wakaletwa na mashua zilizotia nanga juu ya matumbawe, hata serikali ikalazimika kuifunga ghuba mnamo Juni 2018. Palipokuwa kimya, papa wadogo wenye mapezi ya ncha nyeusi walirudi kuogelea majini karibu na ufuko. Ghuba ilipofunguliwa tena Januari 2022, mashua zilikatazwa kuingia ndani yake na idadi ya wageni ikawekewa mpaka. Wageni wale hawakuichukia ghuba. Waliipenda, na mapenzi yasiyo na kiasi yakafanya kazi ambayo chuki ingeifanya.

Hapa baadhi ya watu husema: basi na afungiwe mgeni kabisa, bahari iachiwe wenyewe. Shauri hili lina ladha ya haki, lakini likitafunwa sana huonekana lina upungufu. Mgeni si adui wa kwanza wa mwamba, wala si adui mkubwa. Kabla yake walikuja wenye baruti, ambao kwa mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja na kusaga nyumba yao. Uvuvi huo ulipigwa marufuku Tanzania mwaka 1970, na ukaendelea kwa miaka mingi baada ya marufuku. Wapo wenye juya, nyavu zinazokokotwa juu ya mwamba zikang'oa kila kitu. Wapo waliochimba matumbawe kwa ajili ya tanuri za chokaa. Hao wote, au walio wengi, walikuwa wenyeji wa pwani hiyo hiyo. Uenyeji peke yake haumfanyi mtu kuwa mlinzi, kama ugeni peke yake usivyomfanya kuwa mharibifu.

Tena pana mahali ambapo fedha ya mgeni imeulinda mwamba. Kusini ya mji wa Zanzibar kipo kisiwa kidogo cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa upande wake wa magharibi kuwa hifadhi, ikaikabidhi kampuni isiyotafuta faida iusimamie. Wageni wachache hupokewa katika vibanda 7 vinavyokinga maji ya mvua juu ya mapaa yao na kupata umeme wa jua; vyoo vyake havitumii maji, ili uchafu usiteremke baharini. Walinzi wa kwanza walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawachukui silaha, kazi yao ni kumwendea mvuvi aliyevuka mpaka na kumweleza. Malipo ya wageni hutumika pia kuwaleta watoto wa shule wa Zanzibar waje wauone mwamba kwa macho yao. Zaidi ya aina 400 za samaki zimehesabiwa huko. Pasingekuwa na mgeni, ni vigumu kusema ni fuko gani lingewalipa walinzi wale mwezi baada ya mwezi.

Walakini hapa ndipo swali gumu zaidi linapoanza. Mgeni hulipa ili aone; lakini ili yeye aone, mwingine ameambiwa asivue. Mwamba wo wote unapofungwa, yupo mtu ambaye siku iliyofuata alirudi nyumbani na kapu jepesi. Aghalabu mtu huyo si mwenye baruti. Ni mvuvi wa dema na mshipi, mwenye ngalawa isiyoweza kwenda bahari kuu wakati wa kusi. Au ni mwanamke ambaye maji ya bamvua yanapotoka hushuka mwambani na kijiti chake kuchokoa pweza, kama alivyofanya mamaye na bibiye. Mtu huyu hakuuharibu mwamba kiasi cha kustahili adhabu, lakini ndiye wa kwanza kuilipa gharama ya kuuponya. Mgeni akiondoka huenda na picha nzuri; je, huyu amebaki na nini?

Wapo wanaojibu kuwa faida ya wengi hushinda hasara ya mmoja, na kwamba samaki wakizaa kwa wingi ndani ya hifadhi watamwagikia nje, na mvuvi atafidiwa. Jambo la samaki kumwagikia nje ni kweli, na limeonekana mahali pengi. Lakini huchukua miaka, na tumbo halina subira ya miaka. Zaidi ya hayo, hata fidia ikija, liko jambo ambalo samaki hawawezi kulilipa, nalo ni heshima ya kuulizwa. Mtu aliyenyang'anywa kitu kwa manufaa yake mwenyewe bado amenyang'anywa.

Tofauti hii huonekana wazi katika pwani ya Kenya. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa na serikali mwaka 1968, zikawa miongoni mwa za kwanza katika Afrika. Zimelinda mengi, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini amri yake ilitoka juu ikateremka hadi ufukoni. Kuruwitu, katika Kilifi, habari ilikwenda kinyume chake. Wavuvi wenyewe waliona kuwa samaki wamepungua na wadogo wamezidi. Wakakaa wakashauriana, na mwaka 2005 wakaitenga sehemu ya bahari yao yenye kiasi cha hekta 30 isivuliwe kabisa. Samaki walirudi, wageni wakafuata, na malipo ya wageni yakaingia katika shughuli za wanakijiji. Mwaka 2017 jumuiya hiyo ilipewa tuzo la Equator la Umoja wa Mataifa. Kisiwani Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1995, vijiji viliachwa ndani ya mipaka, na baadhi ya maeneo tu ndiyo yaliyofungwa kabisa. Mahali pote huweza kutokea magomvi. Hakuna kijiji cha malaika. Lakini mwenye kufunga mlango wake kwa mkono wake huulinda usiku na mchana, na aliyefungiwa huutafutia ufunguo.

Kwa hiyo malipo ya mgeni langoni mwa hifadhi hayafai kuhesabiwa kuwa bei ya tiketi. Ni deni analolipa kwa mtu ambaye amejinyima ili yeye aone. Likieleweka hivyo, mambo mawili hufuata. La kwanza, mgeni ana haki na wajibu wa kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Asiyeuliza ameridhika kuinunua dhamiri yake kwa bei rahisi. La pili, wenye kupokea fedha wana wajibu wa kuonyesha hesabu mbele ya wanakijiji, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kisima, zahanati au darasa lililojengwa kwa fedha ya mwamba humfundisha mtu thamani ya mwamba kuliko hotuba mia.

Iko hatari nyingine, nayo imo ndani ya dawa yenyewe. Ikiwa mwamba unalindwa kwa sababu ya fedha ya mgeni tu, basi siku mgeni asipokuja hauna mlinzi. Jambo hili halikubaki kuwa dhana. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipozuia ndege, mapato ya hifadhi nyingi zilizotegemea watalii yalikatika kwa ghafula, ilhali matumbawe yaliendelea kuhitaji ulinzi na familia za walinzi ziliendelea kuhitaji chakula. Tena kitu ambacho thamani yake yote ni bei huuzwa kwa mwenye bei kubwa zaidi. Akija leo mtu wa bandari au wa mafuta na mfuko mnene kuliko wa mtalii, hoja ya fedha itageuka na kuuhukumu mwamba uliokuwa ikiutetea. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni ni msala, kesho hupita. Mbacha wa watu wa pwani ni mapenzi yao wenyewe kwa bahari yao, na hayo hayajengwi kwa tiketi.

Hapa lipo jambo la kusikitisha. Wako watoto wengi waliozaliwa hatua mia kutoka majini ambao hawajapata kuuona mwamba ulio mbele ya nyumba zao, kwa sababu hawana miwani ya kupigia mbizi na hakuna aliyewafundisha kuogelea. Wageni kutoka upande wa pili wa dunia wanaujua sebule yao kuliko wao. Ndiyo sababu safari za watoto wa shule kisiwani Chumbe ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Na wakazi wa Dar es Salaam wanaokwenda Bongoyo na Mbudya siku za mapumziko wanastahili kukumbushwa adabu ile ile, tena kwa nguvu zaidi, maana wao ni wageni na wenyeji kwa wakati mmoja.

Hata hivyo mtu mwenye shaka atauliza: yote haya yana faida gani ikiwa bahari yenyewe inapata joto? Swali hili haliwezi kukwepwa. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa kiasi cha digrii 1 tu na kukaa hivyo kwa majuma kadhaa, tumbawe huitoa ile mimea iliyo ndani yake, likawa jeupe kama mfupa. Joto lisipopungua upesi hufa njaa. Ule ukarimu wa kale huvunjika. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilikufa hivyo, na Malindi na Watamu hazikusalimika kwa kuwa hifadhi. Joto lilirudi mwaka 2016, na Aprili 2024 wataalamu walitangaza kuwa matumbawe yalikuwa yakipauka duniani kote kwa mara ya nne. Tena ndege inayomleta mgeni kutazama mwamba ina sehemu yake, japo ndogo, katika moshi unaoupasha bahari joto. Mgeni mwenye adabu kamili majini bado ameacha madhara angani.

Ukweli huu wapasa kukubaliwa bila kupunguzwa. Hakuna boya linaloweza kuzuia joto, na atakayesema kuwa utalii wa adabu peke yake utaokoa matumbawe anasema uongo wenye nia njema. Lakini haifuati kuwa adabu ni bure. Mgonjwa mwenye homa kali hapigwi mateke kwa sababu homa ni kali. Matumbawe yaliyonusurika huhitaji maji safi, pono wa kukwangua majani na mahali pasipotupwa nanga ili mapya yaote. Hayo yamo katika uwezo wa watu wa pwani na wageni wao. Joto limo katika uwezo wa mataifa, na mgeni ni raia wa mojawapo. Aliyeuona mwamba mweupe kwa macho yake amekuwa shahidi, na ushahidi ni kazi. Akirudi kwao akanyamaza, amekula karamu akakataa jembe.

Tangu Desemba 2017 kila mgeni aingiaye Palau hutia saini, katika ukurasa wa pasipoti yake, ahadi ya kuilinda nchi ile, na ahadi hiyo huwaelekea watoto wa Palau. Hekima ya desturi hii ni kwamba imempa mwamba ulimi: watoto watakaourithi wamesema kwa niaba yake. Mwambao wa Afrika Mashariki hauna haja ya kuazima ahadi kutoka mbali, kwa kuwa sheria yake ya mgeni imo katika methali. Kilichobaki ni kuitafsiri kwa vitendo. Jembe la mgeni ni kutogusa, kutosimama, kutonunua ganda, kuuliza hesabu, na kusema ukweli kwao. Jembe la nahodha ni kufunga chombo bandarini siku ambayo pomboo wamechoka, hata abiria akiongeza nauli. Jembe la mwenye hoteli ni kusafisha maji yake kabla bahari haijayapokea. Jembe la serikali ni kuweka maboya, kuwalipa walinzi hata mwaka usio na wageni, na kumwuliza mvuvi kabla ya kuchora mpaka. Na mwanamke wa bamvua, ambaye amekwisha kutoa kabla hajaombwa, hadaiwi jembe jingine. Yeye ndiye wa kwanza kulipwa.